Lambo la Fedha: Bajeti ya Muda Mrefu na Kazi za Vijana katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Mfugaji wa Biharamulo anajua kwamba mvua kubwa ya siku mbili haimfai kitu wakati wa kiangazi ikiwa hana lambo la kuyahifadhi maji yake. Katika makala haya tutajaribu kueleza kwamba fedha za umma nazo hufuata kanuni hiyo. Wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizoko kusini mwa Mkoa wa Kagera, ni mahali pafaapo kwa uchunguzi huo, kwa kuwa zimepata kunyeshewa zaidi ya mara moja, na sehemu kubwa ya maji ikapita.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Kwa ghafla, kambi ya Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Mashirika ya misaada yalihitaji madereva, walinzi, wakalimani na wagawaji wa chakula, na vijana wengi wa Ngara wakapata mshahara wao wa kwanza. Desemba 1996 Wanyarwanda walirejea kwao. Kambi ya Lukole, iliyokuwa ya Warundi, ikafungwa mwaka 2008. Mishahara nayo ikaondoka na waliokuwa wakiilipa.

Upande wa Biharamulo, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005 chini ya kampuni ya Barrick. Mwaka 2013, wenye mgodi walipokuwa wakiufunga, Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, liliuchukua na kuuendesha kupitia kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD. Kipindi cha kwanza cha mgodi huo kilidumu, basi, kwa muda wa miaka minane hivi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa alikuwa hajavuka kidato cha pili wakati wenyewe walipoukabidhi.

Pamoja na mvua za ghafla hizo, kumekuwa na kungoja kwingi. Mkataba wa kuanzisha shirika la kuendeleza Bonde la Mto Kagera ulitiwa sahihi Rusumo mwaka 1977 na Tanzania, Rwanda na Burundi, na umeme wa maporomoko ya Rusumo ulikuwa miongoni mwa matumaini yake makubwa. Mitambo ya kituo hicho, chenye uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa nchi hizo tatu, ilianza kutoa umeme mwishoni mwa 2023. Hiyo ni miaka 46. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ilitambuliwa katika uchunguzi wa miaka hiyo hiyo ya 1970. Mkataba wa sasa, unaoipa Serikali hisa za asilimia 16, ulitiwa sahihi Januari 2021, na hadi mwaka 2025 uchimbaji wa kibiashara ulikuwa haujaanza.

Yafaa kukumbuka kwamba mkataba wa Rusumo ulipotiwa sahihi, Ngara haikuwa na halmashauri ya kuchaguliwa. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa mwaka 1984. Biharamulo nayo ilimegwa baadaye ili kuunda Wilaya ya Chato, ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Mipaka inapobadilika namna hiyo, hata daftari la nani anadaiwa nini huwa taabu kulifuatilia.

Sasa tuitazame bajeti yenyewe. Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni, na idhini ya matumizi hutolewa kwa mwaka huo mmoja. Mipango ya muda mrefu ipo: tulikuwa na ule wa kwanza wa miaka mitano wa 1964 hadi 1969, na mwaka 2025 imezinduliwa Dira ya Taifa ya 2050. Lakini mpango ni nia, na bajeti ndiyo hundi. Mkahawa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Fundi wa kuchomelea huhitaji kujifunza, kisha kununua mashine, kisha kupata wateja. Mkulima wa maharage katika wilaya hizi hupanda karibu na Septemba au Oktoba, kisha tena kati ya Februari na Machi. Kikundi cha vijana kinachopewa fedha mwezi wa Mei, ati mwaka wa fedha usije ukaisha, kimepewa fedha za mbegu wakati wa mavuno. Hesabu zitaonyesha kwamba fedha zimetumika. Shamba halitaonyesha kitu.

Chombo kilicho karibu zaidi na kijana wa wilayani ni mikopo ya halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, huzitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, baada ya kuondoa yale yaliyokwisha kufungwa kwa kazi maalum: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha, baada ya ukaguzi kufichua fedha nyingi zisizorejeshwa pamoja na vikundi hewa. Mwaka 2024 ikaruhusiwa tena kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki.

Mabishano mengi juu ya mikopo hii huhusu kiasi kinachotengwa. Hesabu hueleza jambo jingine. Tuchukue, kwa mfano tu, halmashauri mbili, kila moja ikitenga shilingi milioni 40 kwa vijana kila mwaka. Katika halmashauri A, asilimia 90 ya fedha zilizokopeshwa hurudi kila mwaka na kukopeshwa tena. Katika B, asilimia 50. Mwaka wa kwanza zote mbili hukopesha milioni 40. Mwaka wa pili A hukopesha 40 na 36 zilizorudi, jumla 76. B hukopesha 60. Mwaka wa tatu A ina milioni 108.4, na B 70. Mwaka wa kumi A hukopesha kiasi cha milioni 260, hali B imekwama karibu na 80, wala haitavuka hapo hata ikiendelea miaka mia. Kila moja imetoa mfukoni milioni 400 katika miaka hiyo kumi.

Mwanafunzi wa hisabati atatambua hapa mfululizo wa kijiometri, ambao kikomo chake hupatikana kwa kugawanya kiasi kinachoingia kila mwaka kwa sehemu inayopotea. Kwa A ni 40 kugawanya kwa 0.1, yaani 400. Kwa B ni 40 kugawanya kwa 0.5, yaani 80. Hata A ikipunguza mchango wake kwa nusu, kikomo chake kitakuwa milioni 200. Tukiingiza kupanda kwa bei kwa asilimia 3 kwa mwaka, na tukichukulia kwamba mchango mpya unapanda pamoja na bei, kikomo cha A hushuka hadi kiasi cha 317 kwa thamani ya shilingi ya mwaka wa kwanza. Mkopo usio na riba una gharama yake, na ni haki ya wananchi kuijua.

Kanuni hiyo inafaa pia kwa fedha za migodi. Ushuru wa huduma ulitozwa kwa miaka mingi kwa asilimia 0.3 ya mauzo. Mgodi wenye mauzo ya shilingi bilioni 100 kwa mwaka ungelipa, kwa kiwango hicho, milioni 300. Halmashauri ikizitumia zote katika mambo yanayorudi kila mwaka, siku mgodi ukifungwa itabaki na madeni. Ikiweka sehemu katika mfuko wa kukopesha, fedha hudumu baada ya mgodi kwa kiasi cha marejesho: zikirudi asilimia 90 kila mwaka, mfuko hufikia nusu yake katika miaka 6 au 7, zikirudi asilimia 97, huchukua kiasi cha miaka 23. Wanafunzi wa fizikia wanaijua hesabu hii katika kupungua kwa mnururisho wa madini ya urani.

Kwa maoni yetu, marekebisho ya kwanza hayahitaji sheria mpya. Taarifa ya mwaka ya halmashauri huonyesha zaidi kiasi kilichotolewa; iongezewe safu za kiasi kilichorudi, kiasi kinachodaiwa na umri wa madeni hayo, kwa miaka kumi mfululizo. Ratiba ya kutoa fedha za kilimo ifuate mvua. Vikundi vinavyoanza kazi ya miaka mitatu, kama vile kahawa, viahidiwe awamu tatu na kuanza kulipa baada ya mavuno ya kwanza. Suala la madini ni gumu zaidi, maana diwani aliyechaguliwa kwa miaka mitano huona shida kuweka fedha ambazo atakuja kuzikopesha mwingine. Hapo ndipo kanuni iliyoandikwa inapohitajika, inayotaja sehemu itakayohifadhiwa kabla Kabanga haijaanza kuchimbwa, kwa sababu fedha zikishafika kila mtu huwa tayari ana matumizi yake.

Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 idadi ya watu wa Kagera iliongezeka kutoka 2,458,023 hadi 2,989,299, ongezeko la asilimia 2 hivi kwa mwaka. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi hii: wakadirie watu wa mkoa mwaka 2050 kwa kasi hiyo hiyo, kisha waombe katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yao kiasi cha mikopo ya vijana iliyotolewa na iliyorejeshwa kwa miaka mitano, watafute wastani wa marejesho, na wachore kikomo cha mfuko huo kwenye karatasi ya grafu.