Michezo ya Ubongo Katika Simu na Kinga ya Dimensia

Watu wengi waliotimiza miaka 40 au 50, hasa waliowauguza wazazi wenye dimensia, hupakua katika simu zao programu za kuzoeza ubongo. Programu hizo huwa na michezo mifupi ya kukumbuka picha, kupanga namba au kutambua maumbo kwa haraka, na nyingi hutoza ada kila mwezi. Mchezaji hupewa alama, na alama hizo hupanda kadiri siku zinavyopita. Swali ni je, kupanda huko kunaukinga ubongo?

Kwanza kabisa, alama zikipanda maana yake ni kwamba mchezaji ameuzoea mchezo. Bingwa wa bao huhesabu kete kwa wepesi unaowashangaza watazamaji, lakini wepesi huo haumsaidii kukumbuka alipoweka funguo. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010 ulilipima jambo hili kwa watu 11,430 waliofanya mazoezi ya ubongo kwa kompyuta kwa wiki 6. Walipata uhodari katika michezo waliyoifanyia mazoezi, ila uhodari huo haukuhamia katika vipimo vingine, hata vile vilivyokaribiana nayo. Mwaka 2016 kampuni inayomiliki programu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani, baada ya kushtakiwa kwa matangazo ya kinga yasiyokuwa na ushahidi.

Hata hivyo, si haki kuyatupa mazoezi yote katika kapu moja. Katika utafiti wa ACTIVE wa Marekani, watu zaidi ya 2,800 wenye miaka 65 na kuendelea waligawanywa katika makundi: mazoezi ya kumbukumbu, ya kufikiri, ya kasi ya kutambua vitu, na kundi lisilopewa mazoezi. Baada ya miaka 10, waliozoezwa kasi walikuwa na hatari ya dimensia iliyo pungufu kwa asilimia 29. Makundi mengine mawili ya mazoezi hayakuonyesha tofauti ya kuaminika. Matokeo haya yanatia moyo, lakini katika uchambuzi huo dimensia ilitambuliwa kwa vipimo na mahojiano, si kwa uchunguzi kamili wa daktari. Tena washiriki walikuwa wazee. Mtu wa miaka 45 hawezi kuyachukua kama jibu lake.

Kwa umri wa kati, ushahidi ulio imara zaidi uko kwingine. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya dimensia inahusiana na visababishi 14 vinavyoweza kurekebishwa. Vingi huanza kudhuru umri huohuo wa kati: shinikizo la juu la damu, kisukari, lehemu nyingi, uvutaji wa sigara, kutofanya mazoezi ya mwili na kupungua kwa usikivu. Shinikizo la damu huharibu mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo kwa miaka mingi kabla mgonjwa hajasahau chochote, na hakuna mchezo wa simu unaolishusha. Mtu anayelipia programu ilhali hajapimwa shinikizo la damu mwaka mzima ameanzia mwisho. Anayependa michezo hiyo aendelee nayo, mradi isichukue muda wa kutembea, wa usingizi wala wa kukaa na watu.

Mhudumu wa afya akimpokea mtu mwenye hofu kwa sababu alama zake zimeshuka, amweleze kwamba programu hiyo si kipimo cha ugonjwa. Kisha amuulize yeye pamoja na ndugu zake: je, anapotea njia aliyoizoea, anarudia swali lilelile, au anashindwa kusimamia fedha zake? Kusahau kunaweza pia kutokana na sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kutofanya kazi ipasavyo, au dawa anazotumia, na hayo yote yana tiba.