Zeituni na Pera

Msomaji wa Nanyamba, mkoani Mtwara, hukutana na mzeituni katika Kurani na Biblia, wala si shambani; huko mti wa biashara ni mkorosho, na mbegu ya mafuta ni ufuta. Jina latokana na Kiarabu, *zaytun*, tunda lenye mafuta la nchi za Bahari ya Mediterania. Lakini katika Kiarabu cha Oman, kama katika Kiamhara, neno hilo huitwa pia pera, ambalo asili yake ni Amerika. Waswahili nao walilipa tunda hilohilo jina la Kireno, *pera*, ambalo kwa Wareno wenyewe ni tunda jingine kabisa! Basi mfasiri akutanapo na *zaytun* katika waraka wa Kiomani asikimbilie kuandika mizeituni. Huenda shamba litajwalo ni la mipera.