Dola imeshuka: tumshukuru nani?



Siku ya kikao cha akiba tumezoea kumaliza mapema, ili kila mmoja afike nyumbani kabla ya giza. Safari hii tulichelewa, na sababu haikuwa mkopo wala faini. Mama mmoja mwenye shamba la kakao alifungua fundo la kitenge chake akatoa dola 200. Alizipata kwa kuuza kakao mwanzoni mwa mwaka 2025, akaziweka kwa ajili ya masomo ya watoto. Wakati ule dola moja ilikuwa zaidi ya franka 2,800, kwa hiyo mkononi alikuwa na zaidi ya franka 560,000. Mwisho wa mwaka, dola ilipokuwa chini ya franka 2,400, alikwenda kuzibadili akakuta hazifiki franka 480,000. Hakuna aliyemwibia hata dola moja, lakini zaidi ya franka 80,000 zilikuwa zimekwenda. Na sokoni, sabuni, chumvi na mafuta vilikuwa karibu na bei ileile ya zamani.

Mwenzetu mwalimu akasema: «Tumshukuru raisi. Mshahara wetu ni wa franka, na sasa una nguvu kuliko mwaka jana.»

Mama wa kakao akajibu: «Kama ni yeye aliyekupa wewe, basi ni yeye aliyenichukulia mimi. Aje anirudishie.»

Mama wa tatu, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema: «Ninyi mnagombana juu ya dola. Mimi shamba langu lina kakao iliyoiva, na sithubutu kwenda kuichuma.»

Maneno ya wamama hawa watatu ndiyo tunataka kuyapima leo. Inchi ikionekana kupata nafuu, shukrani ni ya raisi? Swali hili si la wanasiasa peke yao. Wakati wa uchaguzi watakuja kwetu na vitenge na kofia, na kila mmoja atasema: «Ni mimi niliyefanya.» Inafaa tuwe tumejifunza kuuliza kabla hawajafika.

Tuanze na dola. Bei yake ni kama bei ya ndizi: magari mengi yakiingia sokoni na ndizi, bei inashuka, wanunuzi wakiwa wengi na ndizi chache, inapanda. Mwaka 2025 dola zilikuwa nyingi kidogo na franka zikawa ngumu kupatikana. Nani alifanya hivyo? Kwanza, Benki Kuu ya Kongo. Mwezi wa nane 2023 iliongeza riba yake kuu hadi 25%, ili kukopa franka kuwe ghali. Baadaye iliuza dola kwa benki za biashara. Katiba inasema Benki Kuu ni huru, lakini gavana wake anateuliwa na raisi, na yule aliyeteuliwa mwaka 2025, André Wameso, alitoka katika ofisi ya raisi mwenyewe. Kwa hiyo mkono wa raisi Félix Tshisekedi umo. Tusimnyime haki yake.

Lakini mikono mingine pia imo. Dola nyingi za inchi yetu zinatoka katika shaba na kobalti ya Katanga. Mgodi mkubwa wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ulianza kutoa shaba mwaka 2021, lakini mgodi hauchimbwi kwa mwaka mmoja: kazi yake ilianza miaka mingi nyuma, wakati wa raisi mwingine. Na sheria inayoipa serikali sehemu kubwa zaidi ya mapato ya madini ilitiwa sahihi na Joseph Kabila mwaka 2018, chini ya mwaka mmoja kabla ya kuondoka. Yeye alipanda, mwingine akakuta mti unazaa. Ndivyo ilivyo pia kwa kakao yetu: anayechuma leo mara nyingi anachuma miti aliyoiacha baba au marehemu mume. Kuitunza ni kazi, na anastahili sifa ya kuitunza. Lakini asiseme yeye ndiye aliyeipanda.

Kuna jambo lingine la kukumbuka. Tshisekedi alipoingia mwezi wa kwanza 2019, dola moja ilikuwa franka 1,600 na kitu. Ikafika zaidi ya 2,800, kisha ikashuka chini ya 2,400. Anayetaka kumshukuru kwa kushuka kwa mwaka mmoja, aeleze pia kupanda kwa miaka sita. Huwezi kusoma ukurasa wa mwisho wa daftari la mtoto na kumpa alama za mwaka mzima.

Sasa twende kwa kakao, kwa sababu hapa Mbau, Oicha, Mavivi na Mangina ndiyo inayolipa karo, dawa na mahari. Kwa miaka mingi tani moja ya kakao katika soko la dunia ilikuwa kati ya dola 2,000 na 3,000. Mwaka 2024 ikapita dola 10,000. Wengi wetu tuliona pikipiki mpya na nyumba za mabati mapya. Je, kuna uamuzi wa Kinshasa uliofanya hivyo? Hapana. Kote d'Ivoire na Ghana, zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilipata mvua mbaya na magonjwa ya miti, na mavuno yao yakapungua. Machozi ya wakulima wa kule yalikuwa feza yetu huku. Kisha mwaka 2025 bei ikaanza kushuka, na mwisho wa mwaka ilikuwa karibu nusu ya ile ya juu kabisa. Hilo pia halikutoka Kinshasa. Mama wetu mwenye dola 200 alipigwa pande mbili kwa wakati mmoja: kakao ilipungua bei katika dola, na dola ikapungua bei katika franka. Kama alimpigia raisi makofi mwaka 2024, angepaswa kumzomea mwaka 2025, na mara zote mbili angekuwa amekosea mlango.

Wazee wetu waliliona jambo hili zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, shaba ilikuwa na bei nzuri, na Mobutu alisifiwa kila asubuhi kama mtu aliyeleta utajiri. Mwaka 1974 bei ya shaba ikaanguka. Anguko lile hakulifanya yeye. Lakini tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 alikuwa ametangaza zaïrianisation: maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa watu wake, wengi wao hawakujua biashara, na rafu za maduka zikabaki wazi. Ule ulikuwa uamuzi wake. Shaba ilipoanguka, inchi ikakutwa haina akiba wala maduka. Kwa hiyo raisi hatengenezi mvua, lakini ni yeye anayeweza kutoboa paa au kuliziba kabla mvua haijafika.

Kuliziba kunawezekana pia. Mwaka 2000 bei za vitu katika inchi yetu zilipanda zaidi ya 500% kwa mwaka mmoja. Mwaka 2001 serikali mpya ya Joseph Kabila iliacha kulazimisha bei ya dola na ikapunguza uchapishaji wa franka. Mwisho wa mwaka 2003 kupanda kwa bei hakukufika hata 10%. Wafadhili wa nje walisaidia, na mazungumzo ya amani yalisaidia. Hata hivyo uamuzi ulikuwa wa wale waliokuwa juu, na kwa hilo wanastahili shukrani, hata kama kwa mambo mengine tuna maswali mengi juu yao.

Basi, kwa raisi wa sasa, ni mambo gani yaliyo yake kweli? Sisi walimu tunalijua moja vizuri. Tangu 2006, Katiba, katika kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Kwa miaka 13 maneno yale yalilala katika karatasi, na wazazi waliendelea kulipa. Mwezi wa tisa 2019 Tshisekedi aliamua yatekelezwe. Hakuna bei ya shaba iliyomlazimisha. Tuliona watoto wakiingia darasani ambao kabla ya hapo walikuwa wakibeba wadogo zao mgongoni, na wengi wao walikuwa wasichana. Kwa hilo tunasema asante bila kigugumizi. Na kwa sababu ni kazi yake, mapungufu yake pia ni yake: madarasa yalifurika mpaka watoto wanne kwenye dawati moja, na wapo walimu waliofundisha muda mrefu bila kulipwa na serikali. Shukrani na madai vinatembea pamoja. Mtu hawezi kubeba moja na kuliacha lingine njiani.

La pili ni usalama, na hapa tunarudi kwa mama wa tatu. Tangu mwezi wa tano 2021 jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, pamoja na Ituri, liko chini ya utawala wa wanajeshi, kwa uamuzi wa raisi. Mwezi wa 11 mwaka ule jeshi la Uganda liliingia kusaidiana na jeshi letu dhidi ya ADF. Barabara ya Kasindi kwenda Beni na Butembo nayo iliahidiwa mwaka 2021, pamoja na Uganda. Maamuzi hayo yote yalitoka juu. Lakini wamama wa Mbau wanajua kinachoendelea porini. Tumezika watu waliotoka asubuhi na kapu. Kuna mashamba ambayo kakao yake inachumwa na wengine, na mengine inaozea juu ya mti. Kupanda kwa bei kuna faida gani kwa mama asiyefika shambani? Bei ya kakao inaamuliwa mbali, huko London na New York. Njia ya kwenda shambani ndiyo iliyo mikononi mwa serikali yetu. Tukitaka kumpima raisi kwa uchumi wa hapa kwetu, tumpime kwa njia ile kwanza, kabla ya dola.

Ndiyo sababu tunapendekeza maswali matatu, yanayoweza kuulizwa katika kila kikundi, hata na mama asiyesoma.

Swali la kwanza: aliamua nini? Si «nini kilitokea wakati wake», bali uamuzi gani ulikuwa wake, siku gani.

Swali la pili: kama asingeamua hivyo, lingetokea au lisingetokea? Kakao ingepanda tu, hata kama raisi angelala mwaka mzima. Shule ya msingi isingekuwa bure kama asingeamua.

Swali la tatu: limefika kwenye sufuria ya nani? Mwalimu amepata, mama wa kakao amepoteza, muuza duka hajashusha bei. Wote watatu wanaishi kijiji kimoja. Sifa isiyowataja wote watatu haijakamilika.

Ukiuliza hivyo hutamchukia raisi, wala hutamwabudu. Utamtendea kama unavyomtendea mweka hazina wa kikundi: unamshukuru kwa hesabu alizozitunza, unamdai kwa zile zilizopotea, na humshukuru kwa feza ulizoleta wewe mwenyewe.

Na sanduku letu? Tuliamua jambo dogo siku ile, na huenda litawafaa wengine. Tangu sasa kila mkopo unaandikwa na kulipwa kwa feza ileile iliyotolewa: aliyepewa franka analipa franka, aliyepewa dola analipa dola, ili dola ikicheza isimtajirishe mmoja kwa hasara ya mwingine. Na feza za masomo tunashauri zisiwekwe zote upande mmoja. Ukijua karo italipwa kwa franka, badili sehemu mapema. Ikiwa ni kwa dola, ziache dola.

Mama wa kakao hakurudishiwa franka zake 80,000. Lakini kabla hatujatoka alimgeukia yule wa tatu akamwuliza shamba lake liko upande gani, na ni nani wengine wenye mashamba njia ileile. Walihesabu majina saba. Juma hili majina hayo yanapelekwa kwa chefu na kwa wakubwa wa jeshi, pamoja na ombi la wamama: siku mbili za ulinzi kwa juma wakati wa mavuno. Kikundi chochote chenye mashamba upande ule kilete majina yake kabla ya kikao kijacho.