PDG wa Shimo: Mji Uliobaki Kampuni Ilipoondoka

Ukiwa Kamituga, mji wa dhahabu wa jimbo la Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, ukaita "PDG!" barabarani, usishangae akigeuka kijana wa miaka ishirini na kitu, matope yamemkaukia hadi magotini, kandambili mkononi badala ya mguuni. Herufi hizo tatu ni za Kifaransa, na cheo chenyewe ni cha rais na mkurugenzi mkuu wa kampuni. Kinshasa, PDG ni mtu wa gari lenye vioo vyeusi. Kamituga, PDG ni mwenye shimo. Yeye ndiye aliyekubaliwa kuchimba mahali fulani, anayewalisha wachimbaji miezi na miezi kabla jiwe lenye dhahabu halijaonekana, anayenunua mbao za kuzuia udongo, anayekodi pampu maji yakijaa. Shimo likitoa, ni tajiri wa wiki moja. Lisipotoa, ni mdaiwa wa mwaka mzima. Cheo hakimtoki.

Wako wanaoliona jina hilo kuwa mzaha. Mimi naliona kuwa urithi. Kamituga ni mji uliojengwa na kampuni. Kampuni ilipoondoka haikuacha mengi, ila iliacha msamiati wake, na wenyeji wakautumia kuendeshea maisha yao.

Kampuni ya Kibelgiji ya Minière des Grands Lacs, au MGL kama wazee wanavyoiita hadi leo, iliundwa mwaka 1923. Ilikuja kuchimba dhahabu katika nchi ya Warega, kwenye utawala wa kimila wa Wamuzimu, teritwari ya Mwenga, kilomita kama 180 kusini-magharibi mwa Bukavu. Palikuwa msitu, mito na vijiji. Kampuni ikaleta kambi za wafanyakazi, hospitali, shule, na mashimo ya chini ya ardhi kule Mobale. Mtu alipewa nyumba kwa sababu ana kazi. Akikosa kazi, nyumba nayo ikaondoka. Mji wa namna hiyo hauna raia. Una watu walioandikwa kwenye daftari na watu wasioandikwa.

Mwaka 1976 MGL na kampuni nyingine za eneo hilo ziliunganishwa zikawa SOMINKI. Miaka sita baadaye serikali ya Mobutu iliruhusu raia wa kawaida kuchimba na kuuza dhahabu, na waliokuwa wakichimba kwa kujificha wakaanza kuchimba mchana kweupe. Bei ya bati ilipoporomoka duniani mwaka 1985, SOMINKI, iliyoishi zaidi kwa bati kuliko dhahabu, ilianza kuyumba. Vita vya 1996 vikaimaliza. Haki za uchimbaji zikaangukia kwa kampuni ya Banro ya Kanada, ambayo ilijenga kiwanda Twangiza na kingine Namoya, lakini Kamituga ikaishia kupima, kutoboa na kuchora ramani. Wafanyakazi wa zamani wa SOMINKI walibaki wakidai malipo yao ya mwisho. Wengi wameyadai hadi wakazeeka, wengine wamezikwa wakidai. Hiyo ndiyo sehemu ya urithi isiyo na jina la kuchekesha.

Basi watu walibaki na kambi isiyo na mwajiri, wakalazimika kuigeuza mji. Kisheria, mwaka 2013 amri ya serikali iliipandisha Kamituga hadhi ikawa jiji, pamoja na Uvira na Baraka, ingawa miaka ilipita kabla ya meri kukaa kwenye kiti chake. Kwa vitendo, mji ulikuwa umeshajigeuza wenyewe. Watu walikuja kutoka Bukavu, Walungu, Shabunda, Maniema na mbali zaidi, na leo zaidi ya laki mbili wanahesabiwa katika eneo la afya la Kamituga. Nyumba zilipanda mlimani bila kupangwa, nyingine za mbao, nyingine za udongo, na hapa na pale ya matofali yenye bati jipya. Hiyo ya bati jipya huhitaji kuuliza ilitoka wapi. Shimo la fulani lilitoa.

Shida ni kwamba dhahabu haina adabu ya kukaa mbali na watu. Inakaa chini ya kartie. Mashimo yanasogelea nyumba, na nyumba nazo zinasogelea mashimo, kwa kuwa mchimbaji anataka kulala karibu na kazi. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, shefu wa avenyu anakuwa na maswali mawili kwa wakati mmoja: maji yamekata njia wapi, na nani yuko chini.

Ijumaa ya tarehe 11 Septemba 2020 swali la pili lilipata jibu baya. Mvua kubwa ilijaza maji kwenye machimbo yanayoitwa Detroit, na udongo ukaziba mashimo watu wakiwa ndani. Waliofariki walikadiriwa kuwa hamsini hivi, wengi wao vijana. Serikali ya jimbo ikatangaza siku mbili za maombolezo. Katika mji wenye dhahabu kiasi hicho, waokoaji walikuwa majirani: watu wenye sepetu, mabeseni na mikono mitupu, wakitoa matope huku umati ukizunguka ukingo. Na walikuwa na wepesi wao, maana waokoaji wale ndio waliochimba. Walijua njia za chini zinakopinda kuliko mtaalamu yeyote ambaye angefika siku tatu baadaye kwa barabara ile.

Barabara ile nayo inastahili neno lake. Kwenye ramani inaitwa barabara ya taifa namba 2. Kwenye matope ya mvua inaitwa majina mengine ambayo gazeti haliwezi kuchapa. Lori linaweza kulala njiani siku kadhaa, na kila siku linayolala inaongezwa kwenye bei ya unga, sabuni, chumvi na chupa ya bia. Ndiyo maana mgeni anashangaa kuona watu wanaokaa juu ya dhahabu wakinunua vitu kwa bei ya juu kuliko watu wa Bukavu. Kinachookoa sufuria ni shamba: ndizi za kupika lituma, sombe, mafuta ya ngazi. Mrega asiyekuwa na ndugu kijijini wa kumpelekea mkungu wa ndizi huyo ndiye maskini kweli, hata kama jana aliuza dhahabu.

Tumewataja PDG kwa sababu wana sauti. Lakini ukitaka kusikia mji wenyewe, sikiliza asubuhi, pale chuma kinapogonga jiwe. Hao ni mama wanaotwanga. Mawe yanatoka shimoni yakiwa makubwa. Lazima yapondwe hadi yawe unga ndipo yaoshwe na dhahabu ibaki chini. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na jina lao ni la Kamituga kabisa: "twangaise". Wamechukua kitenzi cha Kiswahili, kutwanga, wakakivisha mkia wa Kifaransa, na jina likaingia hata katika maandishi ya wasomi wa Ulaya waliokuja kufanya utafiti. Wanaume walichukua cheo cha Kifaransa wakakishusha shimoni. Wanawake walichukua neno la kinu cha jikoni wakalipandisha hadi ofisini. Sijui kama kuna mji mwingine wa Kiswahili wenye mgawanyo wa maneno unaosema mengi hivi.

Katika muongo wa 2010 zikaingia mashine za kusaga mawe. Kilichokuwa kazi ya siku nzima ya kundi la mama kikawa kazi ya saa chache ya injini moja, na injini ina mwenyewe, kwa kawaida mwanamume mwenye mtaji. Wanawake walijipanga, wakaandamana, wakadai mashine ziondolewe au wao wapewe nafasi. Kulikuwa na maofisa waliowaona kama watu wanaopinga maendeleo. Mimi nadhani walikuwa wakiuliza swali la maendeleo kwa usahihi zaidi kuliko maofisa hao: mashine ikichukua kazi ya watu mia, chakula cha watoto wa hao mia kitapita mlango gani? Waliobaki wakaendelea kutwanga mawe duni na mabaki ambayo mashine haioni faida kuyapokea. Vumbi linaingia kifuani, mtoto amefungwa mgongoni, na ujira mara nyingi si pesa bali sehemu ya unga wa mawe. Huenda una kitu. Huenda hauna.

Wanawake haohao ndio nguzo ya kile ambacho ofisi zinaita maisha ya jamii. MUSO, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana, mara nyingi huwa mikononi mwao: sanduku la chuma, funguo kwa watu tofauti, daftari, na siku ya wiki isiyokosewa. PDG anayeitwa tajiri huja kukopa kwa mke wake ambaye amekopa kwenye MUSO, ili pampu iwake. Nimependa daima kufikiria kwamba mkaguzi akitaka kujua nani hasa anagharimia dhahabu ya Kamituga, aanze na masanduku hayo kabla ya kwenda kwa wanunuzi. Jumamosi kuna salongo, kazi ya pamoja ya kufukua mifereji, na hapo napo utaona majembe mengi yameshikwa na akina nani.

Mwishoni mwa 2023 jina la Kamituga lilifika Geneva, na si kwa dhahabu. Madaktari wa hospitali kuu ya mji waliona wagonjwa wenye vipele visivyofanana na vile walivyovizoea. Kati ya wagonjwa 241 walioshukiwa katika miezi ya kwanza, 108 walithibitishwa kuwa na ugonjwa wa mpox, na virusi vyao vilikuwa tawi jipya linaloenea kutoka mtu hadi mtu. Asilimia 29 ya hao 108 walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono kwenye mabaa ya mji, na hapo ulimwengu ukapata mtu wa kumlaumu. Lakini wateja wao walikuwa nani? Wachimbaji, wanunuzi, madereva, watu wasiokaa mahali pamoja. Virusi vilifuata njia ya dhahabu na ya lori hadi Bukavu, Goma, Burundi na kwingineko. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Mji ambao serikali haikuwa imeupelekea lami ulikuwa umeunganishwa na dunia vizuri kuliko ilivyodhaniwa.

Halafu ikaja Februari 2025. Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, na Kamituga, iliyozoea kupata kila kitu kutoka huko, kuanzia dawa hadi karatasi za mitihani, ikajikuta upande wa pili wa mstari wa vita. Sheria ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrahaba iende kwa mamlaka ya mahali madini yanapotoka. Ni sheria nzuri. Inahitaji kampuni inayolipa, njia inayopitika na ofisi iliyo wazi, na wachimbaji wa Kamituga wamezoea kufanya kazi bila hivyo vitatu.

Kwa hiyo kilio kinapotokea kwenye avenyu, hakuna anayesubiri jiji. Turubai linatandazwa barabarani, viti vinakusanywa nyumba hadi nyumba, na kijana mmoja anapita na daftari la michango. Anafika kwa mtu aliyeketi mlangoni akitazama miguu yake. Wote wanajua shimo lake limejaa maji tangu Jumatatu, na pampu aliyokodi imerudishwa kwa mwenyewe.

"PDG," anaitwa kwa heshima yote, "tukuandike kiasi gani?"

Anaingia ndani kumuuliza mama watoto.