Godoro la mwanafunzi si jambo la kupuuzwa

Kila shule zifunguapo milango kwa muhula mpya, barabara zetu hujaa taswira moja isiyobadilika. Juu ya paa la basi hulala magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba, na ndani hukaa mtoto aliyevaa sare mpya, sanduku la bati li miguuni pake, mzazi akiwa ubavuni ameshika orodha ya mahitaji. Orodha hiyo imesomwa na kurudiwa kwa siku nyingi. Vitabu vimesakwa duka hadi duka, viatu vimejaribiwa mara mbili tatu. Lakini godoro, aghalabu, limenunuliwa asubuhi hiyo hiyo, kwa pupa, kando ya kituo cha basi, kutoka kwa yeyote aliyekuwa nalo.

Mimi nami nilitenda kosa hilo. Mwanangu wa kwanza alipokwenda shule ya bweni nilimnunulia godoro nene la kupendeza macho, lililovikwa kitambaa cha maua, kwa bei iliyonifurahisha. Nilipomzuru wiki ya saba, godoro lile lilikuwa limebonyea katikati mfano wa mtumbwi, na mtoto akaninong'oneza kwamba kila usiku alikuwa akizihesabu nyaya za kitanda kwa mbavu zake. Nililazimika kununua la pili, na yale mawili kwa jumla yalinigharimu zaidi ya lile moja zuri nililolikataa dukani. Waama, rahisi ghali.

Leo basi, mpenzi msomaji, uwe mwalimu, mzazi au mwanafunzi, ningependa tulitazame jambo hili tunalolidharau. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi watu wazima ndio tununuao malazi, ilhali wanaoyalalia ni watoto, na wengi wao hawatasema neno.

Huenda mtu akauliza: mbona sisi tulilala juu ya jamvi na tukafaulu? Jibu ni kwamba aliyefaulu juu ya jamvi hakufaulu kwa sababu ya jamvi. Isitoshe, jamvi lilikuwa na fadhila moja ambayo godoro hafifu halina: lilikuwa limenyooka. Mgongo wa kijana anayekua hauhitaji anasa, bali unahitaji mahali palipo sawa. Tena usingizi wenyewe ni sehemu ya masomo. Ni wakati wa kulala ambapo ubongo huyaimarisha yale yaliyosomwa mchana. Mnamo 2016 madaktari wa usingizi nchini Marekani walipendekeza kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kati ya saa 8 na 10 kila siku. Shule zetu chache mno huwapa wanafunzi muda huo. Ikiwa saa tunazowapa ni chache, basi angalau tusiwaibie hizo chache kwa godoro baya.

Katika kuwaza jambo hili nimejifunza kwa watu ambao hatungewatarajia. Huko Ulaya na Marekani wako wanaosafiri kwa magari yaliyo nyumba, yenye jiko, meza na kitanda ndani yake. Chumba chao ni chembamba kama sehemu ya bweni aliyotengewa mwanafunzi, na kila wanachokibeba hubebwa kwa hesabu. Watu hao wana kanuni tatu. Kwanza, hukipima kitanda kabla ya kwenda dukani, kwa kuwa vitanda vya magari hayo havifuati vipimo vya kawaida. Pili, hawaliweki godoro moja kwa moja juu ya ubao usio na matundu, kwani mvuke wa mwili hupenya godoro, ukakutana na ubao baridi, ukageuka maji na kuleta ukungu. Tatu, hawabebi kitu cha fahari pale ambapo kitu cha kufaa kinatosha. Kanuni hizo tatu zingewekwa katika barua ya mwito ya kila shule, wazazi wangeokoa fedha nyingi.

Tuanze na kipimo. Vitanda vingi vya mabweni yetu ni vya orofa, vyenye upana wa futi 2.5 au 3 na urefu wa futi 6. Godoro la futi 3 likitiwa katika kitanda cha futi 2.5 hupinda ukingoni na kumtelezesha mlalaji. Unene nao una hatari ambayo wengi hawaifikirii. Kitanda cha juu huwa na ukingo wa chuma wa kumzuia mtoto asianguke. Mzazi anayempelekea mwanawe godoro la inchi 8 kwa kumwonea fahari humwinua mtoto hadi ukingo ule usimfae kitu. Kwa kitanda cha namna hiyo, inchi 4 za sponji nzuri ni bora kuliko inchi 8 za sponji hafifu.

Je, sponji nzuri hujulikanaje? Mababu zetu wa pwani walijaza magodoro na mito kwa sufi, pamba na usumba wa nazi. Pamba iliposhikamana, fundi alilifumua godoro, akaichambua, akaianika na kulishona upya. Sponji tuitumiayo leo ni zao la kemia iliyogunduliwa nchini Ujerumani mnamo 1937 na Otto Bayer pamoja na wenzake. Hii haifumuliwi wala haichambuliwi. Vijitundu vyake vikishavunjika, uhai wake umekwisha. Ndiyo maana uzito wake ni jambo la msingi, yaani idadi ya kilo katika kila mita moja ya ujazo. Sponji nyepesi huwa na hewa nyingi na malighafi kidogo, kwa hiyo hubonyea upesi.

Hapa walimu wa hisabati wana zoezi zuri. Godoro la futi 2.5 kwa futi 6 kwa inchi 4 lina upana wa takriban sentimita 76, urefu wa sentimita 183 na unene wa sentimita 10. Ujazo wake ni kama mita 0.14 za ujazo. Sponji ya kilo 15 kwa mita ya ujazo itakuwa na uzito wa takriban kilo 2.1 tu, na ile ya kilo 30 itafikia kilo 4.2. Godoro hizo mbili zikivishwa kitambaa kimoja, jicho halitazitofautisha, lakini mizani itazitofautisha. Mzazi asione haya kuomba mizani dukani. Tena asichanganye uzito na ugumu, kwa maana sponji nzito yaweza kuwa laini, na nyepesi yaweza kuwa ngumu kwa siku za mwanzo. Kwa kuwa wako watengenezaji wanaotia unga wa chokaa ili kuongeza uzito, afanye na jaribio la pili: alikandamize godoro kwa ngumi, aiondoe, kisha atazame. Lililo zuri huinuka mara moja. Lililo hafifu husitasita na kubakiza alama.

Baada ya godoro yaja blanketi. Wengi hudhani kwamba blanketi hutoa joto. La hasha. Joto hutoka mwilini mwa mlalaji, na kazi ya blanketi ni kuizuia hewa iliyopashwa isiondoke. Kwa sababu hiyo mablanketi mawili mepesi, yenye tabaka la hewa kati yake, mara nyingi hushinda moja zito. Mwanafunzi anayekwenda Nyahururu, penye mwinuko wa takriban mita 2,300, awe nayo mawili, na usiku wa joto atalikunja moja. Anayekwenda Malindi au Lamu atatoshelezwa na shuka mbili za pamba na blanketi moja jepesi, na fedha zilizosalia zitafute chandarua chema. Chandarua kilichotiwa dawa kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kianikwe kivulini, kwa kuwa jua kali huidhoofisha dawa.

Utunzaji nao ni wajibu wa mwanafunzi mwenyewe. Kitanda kisitandikwe mara tu anapoamka. Shuka zifunuliwe kidogo ili unyevu wa usiku upate kutoka. Godoro ligeuzwe, upande wa kichwa uwe wa miguu, angalau mara moja kwa mwezi. Litolewe nje lipigwe na upepo likiwa ndani ya kitambaa chake, maana jua likiichoma sponji iliyo tupu huifanya manjano na kuifikicha. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki. Kunguni wakionekana, si aibu ya mtu mmoja, na asichekwe mtu. Maji ya moto na ukaguzi wa bweni zima ndiyo tiba, kwa kuwa kumwadhibu aliyetangulia kusema ni kuwafundisha wengine kunyamaza na kujikuna.

Lakini kuna jambo zito kuliko yote hayo, na nisingestahili kushika kalamu kama ningelipita kimya. Sponji ni kitu kinachowaka kwa kasi, na moshi wake una sumu inayoweza kumwangusha mtu kabla mwale haujamfikia. Mnamo Machi 2001 tulipoteza wavulana 67 katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mnamo Septemba 2024 tulilia tena, wavulana 21 walipoangamia katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Kati ya miaka hiyo miwili, mnamo 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama unaosema kwamba nafasi baina ya vitanda isipungue mita 1.2, njia ya kupitia isipungue mita 2, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia. Maneno hayo si magumu. Yanapimika kwa utepe wa fundi cherehani.

Kwa hiyo godoro si suala la starehe peke yake. Kila godoro la ziada linalolazwa sakafuni, kwa kuwa shule imepokea wanafunzi kuliko vitanda, huiziba njia ambayo mtoto ataihitaji gizani. Mzazi aliyetumia wiki nzima kutafuta godoro zuri, kisha asiulize litatandikwa wapi, amefanya nusu ya kazi. Siku ya kumfikisha mtoto shuleni aingie bwenini, ikiwezekana, atazame kitanda, ahesabu hatua mpaka mlangoni, na aulize mlango huo hufungwa na nani usiku na ufunguo hukaa wapi. Mwalimu mwenye hekima hataudhika kwa swali hilo.

Kwa upande wa shule nina ombi la haki. Zipo shule zinazomwamuru mzazi anunue godoro katika duka moja tu, kwa bei ambayo hana budi kuikubali. Zipo nyingine zinazoandika neno moja, "godoro", bila kipimo chochote, zikamwacha mzazi akisie. Njia zote mbili humwumiza maskini: ya kwanza kwa bei, ya pili kwa hasara. Shule itangaze upana, urefu na unene unaofaa, iseme uzito wa sponji inaoutaka, kisha imwachie mzazi uhuru wa kununua popote. Itengeneze pia nyaya za vitanda vilivyolegea, kwani godoro lolote, hata likiwa bora vipi, hufuata umbo la kitanda kilicho chini yake. Na mtoto ambaye kwao hakuna uwezo asirudishwe nyumbani kwa sababu ya godoro. Wanafunzi wamalizao masomo huacha magodoro mazima kila mwaka. Yakikaguliwa, yakasafishwa na kuvishwa vitambaa vipya, yatamfaa mwenzao anayeingia.

Kwa mzazi nasema: jikune ujipatapo. Usikope ili mwanao aonekane. Bwenini hakuna mashindano ya magodoro, na kama yapo, walimu wayakomeshe. Ukiwa na fedha kidogo, zitie katika uzito wa sponji kwanza, kisha blanketi, kisha shuka. Maua ya kitambaa yaje mwisho.

Na kwako mwanafunzi: usiku wa leo, kabla taa hazijazimwa, tazama njia itokayo kitandani pako mpaka mlangoni. Ikiwa imezibwa na sanduku, liondoe. Ikiwa limo godoro la mwenzako, mwambie mwalimu wa zamu, tena mwambie leo. Kisha ulale. Alamsiki.