Kifaa Kinachodhani Bado Kiko Ziwani

Wengi wetu tumeshakutana na ule ujumbe simu inapogoma kuchaji: kuna unyevu kwenye tundu. Unakera, hasa kama una kazi ya kukabidhi kabla ya saa sita usiku. Kwa mzamiaji ugomvi huo una sura nyingine, maana chombo chake kimetengenezwa kizame, halafu kinakataa laptopu kwa sababu ya tone moja.

Kaka mmoja anayekagua matumbo ya boti pale Kirumba aliniletea kompyuta yake ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa kubwa. Analipwa kwa kumbukumbu za kina na muda, na mwajiri alizitaka kwenye karatasi. Tukachomeka waya, laptopu haioni kitu. Sikuanza na programu. Nilianza na vidoti vya chuma nyuma ya kifaa.

Kwenye modeli nyingi vidoti hivyo vina kazi mbili. Maji yakivigusa, umeme kidogo sana unapita kati yake, kifaa kinajua kimeingia majini na kinajiwasha. Halafu vidoti hivyohivyo, au jirani zake, ndivyo vinavyoshikwa na waya wa USB. Vikibaki na unyevu, kifaa kinaamini bado kinazama, na kikiwa kwenye hali hiyo hakihamishi mafaili. Betri nayo inaendelea kuliwa.

Mtu atasema Ziwa Victoria ni maji baridi. Kweli, upitishaji umeme wake ni kama mikrosimensi 100 kwa sentimita, wakati bahari ni 50,000 hivi. Ila vidoti havihitaji umeme mwingi. Tena pale Mwaloni chumvi haitoki ziwani, inatoka mikononi: umeshika kayabo, ukashika kifaa, umeshaacha chembe. Chumvi huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, kwa hiyo kifaa ulichofuta jana kinaweza kuamka kimelowa asubuhi ya masika.

Suuza kwa maji safi, futa na kitambaa kisichoacha nyuzi, kiache mbele ya feni. Juani hapana, drayaya ya saluni hapana. Kagua na pini za waya. Ukiona ukijani, kutu imeshaanza, na kuunganisha vitu vikiwa vimelowa ndiyo kuiharakisha. Mchele? Mwaka 2024 Apple waliwaambia watu waache kuzika iPhone kwenye mchele kwa sababu chembe zake zinaweza kuharibu simu. Pikeni tu.

Kinachonitisha ni ule ufundi wa mtaani wa "toa betri, rudisha". Kwenye simu sawa. Kompyuta ya kuzamia inakadiria naitrojeni iliyobaki mwilini baada ya kila kuzama, na kwenye baadhi ya modeli, ukitoa betri hesabu hiyo inafutika. Kaka akirudi majini mchana uleule, kifaa kitamhesabu kama mtu ambaye hajazama kabisa, kitampa muda mrefu kuliko anaostahili, na akipanda viputo vinaweza kujitokeza kwenye damu na viungo. Nilimwambia betri isiguswe, kifaa kilale mbele ya feni hadi kesho yake, na yeye asizame siku hiyo.