Mgongo wa fundi cherehani: kazi imfuate mtu, si mtu aifuate kazi

Mchukulie fundi cherehani wa kawaida mjini Bariadi. Anafika kwenye kibaraza chake asubuhi, anafungua mashine, anavuta stuli ya mbao isiyo na egemeo na kuitandikia vipande vya vitambaa vikukuu. Kuanzia hapo shingo imeinamia sindano, mabega yamepanda, miguu inakanyaga pedeli. Kuna sare za shule za kumaliza, kuna vitenge vya harusi, na mteja amesema anapitia jioni. Ikifika saa kumi anasimama taratibu, mkono kiunoni, uso umekunjamana. Ukimuuliza, atakujibu kwamba ni uzee unabisha hodi, hata kama hajafika miaka 40.

Mara nyingi si uzee. Ni stuli, ni urefu wa meza, ni saa nyingi za kukaa katika mkao mmoja. Hilo ni jambo la kufurahia, kwa sababu uzee hauna fundi, lakini stuli inaye.

Tangu Mkoa wa Simiyu umegwe, kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu yake, kazi za kukaa zimeongezeka: ofisini, kwenye fremu za maduka, kwenye vibanda vya miamala ya simu, kwenye cherehani. Watu ambao wazazi wao walilima pamba na kuswaga ng'ombe leo wanatafuta riziki wakiwa wamekaa. Tunadhani aliyekaa amepumzika. Mwili hauoni hivyo.

Kwa nini kukaa kunachosha

Msuli hufanya kazi kama pampu. Ukikazwa na kulegezwa, damu huingia na kutoka, ikileta oksijeni na kuondoa taka. Msuli uliokazwa muda mrefu bila kulegezwa huibana mishipa yake yenyewe ya damu. Chakula kinapungua, taka zinabaki, na maumivu yanaanza. Ndiyo maana mabega ya fundi huwaka moto ingawa hajabeba kitu.

Kwa kweli amebeba. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano hivi. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, mifupa ndiyo inayokibeba. Kikiinama mbele, mzigo unahamia kwenye misuli ya shingo. Jaribu kushika ndoo ndogo ya maji karibu na kifua, kisha inyooshe mbele kwa urefu wa mkono. Ndoo ni ile ile, ila sasa mkono unatetemeka.

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, visahani vya gegedu vinavyopunguza mshtuko. Kwa mtu mzima, ndani ya diski hakuna mishipa ya damu. Hulishwa kama sponji: ukijongea hubanwa na kuachiwa, majimaji yakatoka na mengine yakaingia. Katika miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai kwa sindano maalumu. Aligundua kwamba anayekaa huku ameinama mbele hukandamiza diski zake kuliko aliyesimama wima.

Linganisha na mkulima. Wasukuma, wenyeji wa Simiyu, wana bugobogobo, ngoma ya majembe iliyozaliwa katika kulima kwa pamoja. Jembe linapanda, linashuka. Mwili unainama, unanyooka, unageuka kwa mdundo. Kulima kunachosha, lakini mwili ulio ndani ya mdundo ule haugandi. Fundi wetu anachoshwa na kinyume chake: anachoka kwa kuganda.

Si tatizo la Bariadi peke yake

Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha mwaka 1700 kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, na humo alieleza jinsi migongo ya mafundi viatu na washonaji inavyopinda. Zaidi ya miaka 300 baadaye, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba hakuna tatizo jingine linalowafanya watu wengi zaidi duniani kuishi na ulemavu.

Je, kiti kinaweza kuleta tofauti? Watafiti wa Marekani waliwafuatilia washonaji 277 wa Los Angeles kwa miezi minne, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Baadhi walipewa viti vinavyorekebishika urefu, wengine vifaa vidogo tu kama taa na kiegemeo cha miguu. Maumivu ya shingo na mabega yalipungua zaidi kwa waliopewa viti.

Seremala wa jirani anatosha

Kiti kama kile ni ghali, lakini kanuni yake haina bei. Kaa mbele ya mashine. Nyayo zote mbili zitue kikamilifu kwenye pedeli, na magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Kama magoti yamepanda kuelekea kifuani, stuli ni fupi mno. Mwambie seremala aongeze miguu. Bamba la sindano liwe usawa wa kiwiko au juu yake kidogo. Likiwa chini zaidi, pachika vipande vya mbao imara chini ya miguu ya mashine, kisha hakikisha haiyumbi. Ubao mmoja uliopigiliwa nyuma ya stuli, usawa wa kiuno, unakuwa egemeo.

Kisha mwanga. Fundi anayeshona gizani huinamisha kichwa ili aone, na hakuna kiti kitakachomwokoa. Geuza mashine mwanga wa mlangoni uingie kutoka ubavuni.

La mwisho ndilo kubwa: usikate vitambaa asubuhi yote ukashona hadi jioni. Changanya. Shona nusu saa, simama ukate, kaa tena, simama upige pasi. Kazi ni ile ile, ila misuli inapata zamu. Ndivyo ilivyo pia kwa mama lishe anayechutama jikoni, ambaye anaweza kuliinua jiko juu ya tofali, na kwa mkulima, ambaye mpini mrefu zaidi wa jembe unampunguzia kuinama.

Fundi aliyeajiriwa analindwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA: usalama wa mahali pa kazi ni wajibu wa mwajiri, si hisani yake. Lakini aliyejiajiri hana wa kumdai. Yeye ndiye mwajiri wa mgongo wake, na anapaswa kuutendea kama mwajiri mwema.

Lini uende hospitali

Usiuzoeze mwili dawa ya maumivu, kama diklofenaki, ya kila jioni. Diklofenaki ikitumiwa muda mrefu bila ushauri wa daktari, inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo, huku stuli ikibaki vile vile. Muone daktari haraka kama maumivu yanaambatana na homa, kukonda au kutokwa jasho usiku, kwani hata kifua kikuu kinaweza kushambulia uti wa mgongo. Ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikalegea, au ukashindwa kuzuia haja, hiyo ni dharura: nenda siku hiyo hiyo.

Leo kabla ya kufunga kibaraza, kaa kwenye mashine ushone kama kawaida, na umwombe fundi mwenzako akutazame kutoka ubavuni. Akuambie sikio lako liko juu ya bega au limelitangulia, na magoti yako yamepanda kiasi gani. Kisha nawe umtazame yeye. Kesho asubuhi mtakwenda kwa seremala mkiwa na vipimo mkononi.